Pilipili ya Mlangoni

Maneno haya yalisemwa na komite ya mashamba mbele ya mkutano wa wanachama, hapa Luofu. Tumeyaandika namna yalivyosemwa na kuongeza majibu ya maulizo yaliyokuja nyuma, ili ndugu walio Butembo, Beni, Goma na hata ng'ambo ya mpaka, pamoja na wafadhili wetu, wayapate nao.

 

Tunajua kuna wenye wanacheka tangu juzi. Walisikia komite italeta maneno ya pilipili, wakauliza: "Mtu anarudi na njaa, muko natuletea pilipili? Tutakula pilipili na nini?" Ni ulizo la haki, basi tuanze nalo.

Hakuna mtu anashiba na pilipili. Hatusemi muache maharagi, wala mihogo, wala viazi vya kizungu. Tunasema juu ya kile kipande cha udongo kilicho kati ya mlango wa nyumba na choo, chenye leo kinaota majani tu. Na tunasema juu ya miezi ya kwanza, ile yenye kila mtu hapa anaijua, wakati umekwisha kufika nyumbani lakini nyumbani hapajakupokea.

Tuhesabu pamoja. Anayerudi leo anakuta shamba la mbali limekuwa pori. Maharagi yanaomba karibu miezi 3, na mbegu yake inanunuliwa kwa kilo. Viazi vya kizungu vinaomba miezi 3 hadi 4, na mbegu yake inabebwa kwa magunia. Muhogo huku mlimani unaweza kupita mwaka moja na nusu mbele ya kuvunwa. Katikati ya hapo nyumba inataka chumvi, sabuni, dawa ya mtoto, makuta ya shule. Na hapo ndipo tunaona mambo yenye hatupendi kusema kwa sauti. Mtu anauza maharagi yake yakingali na maua, kwa mwenye makuta, kwa bei ya kulia. Siku ya kuvuna anavuna shamba la mwingine. Ao anatuma msichana shamba la mbali, njia yenye bado hatujui nani anapita asubuhi na nani anapita jioni, akalete mihogo kidogo ya kuuza. Juu ya chumvi!

Pilipili haimalizi umaskini. Kazi yake ni kumsaidia mtu kungoja. Kijiko kidogo cha chai kina mbegu zaidi ya 200. Miche 20, ukiipa sentimita 60 kila upande, inaomba kama meta 7 za mraba, mahali pa kuanika nguo. Ikianza kuzaa, unachuma kila juma kwa miezi mingi, kidogo kidogo, na kile kidogo kinanunua chumvi bila kugusa maharagi. Hiyo tu ndiyo sababu yetu. Mengine yote tutakayosema leo ni namna ya kuifanya ifaulu.

Kuna tena jambo la njia. Tomate ukiipeleka soko na njia ikafungwa siku tatu, umepoteza. Pilipili ukiikausha vizuri inakaa nyumbani miezi, inangoja njia ifunguke, inangoja bei ipande. Sisi watu wa Luofu tunajua njia kufungwa. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 mwezi wa 4 mwaka 2009 zaidi ya nyumba 200 ziliunguzwa hapa, na watoto walikufa ndani ya moto. Mwisho wa mwezi wa 6 mwaka 2024 vita ilifika Kanyabayonga, kiisha Kirumba na Kayna, na watu wakapanda njia ya Lubero na Butembo na vitu kichwani. Wengi mliokaa hapa mmerudi mara mbili, wengine mara tatu. Kwa mtu kama huyo, mbegu yenye inaingia katika fundo la kitenge si kitu kidogo. Kuna mama moja kati yetu alirudi kutoka Uganda na mbegu za pilipili ndani ya kichupa cha dawa ya kikohozi. Miche mingi yenye mliona pembeni ya kanisa ni wajukuu wa kichupa kile.

Sasa tuje kwa pilipili yenyewe. Si mzaliwa wa Afrika. Ilitoka Amerika, ikaletwa na Wareno kwenye pwani zetu nyuma ya mwaka 1500, na hata jina lake iliazima kwa pilipili manga, ile nyeusi ya India. Kutoka pwani, wachuuzi waliibeba, na ndege waliibeba. Ndege anakula pilipili bila kusikia moto wowote. Kuna kitu katika ulimi na ngozi yetu chenye kinatuambia "hii ni moto", na pilipili inakidanganya. Ile ya ndege haidanganyiki. David Julius wa Marekani alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2021 juu ya kazi ya kugundua kitu hicho, na alikigundua kwa kutumia ukali wa pilipili. Faida ya kujua hayo hapa Luofu ni moja: usidanganywe kwamba kuku wataogopa bustani ya pilipili. Kuku ni ndege. Watakula pilipili iliyoiva wakiwa na furaha, na mbele ya hapo watachimbua miche yote. Bila lupango la miti ao matete, usijisumbue kupanda.

Huku kwetu tunaona aina tatu. Kuna ile ndogo inayosimama kichwa juu, kali sana, yenye watu wa Kenya na Tanzania wanaita pilipili kichaa. Hiyo inaishi miaka 2, 3, hata zaidi, inakuwa kama mti mdogo, na kivuli kidogo haiogopi. Kuna ile ya mviringo yenye mikunjo, nyekundu ao manjano, inayonukia hata mbele ya kukatwa. Pwani wanaiita pilipili mbuzi. Bei yake ni nzuri lakini inapenda joto kupita zote. Na kuna ile ndefu iliyochongoka, yenye nyama nyembamba. Hiyo inazaa mapema, inakauka vizuri, na baridi inaivumilia kidogo kuliko ile ya mviringo.

Hapo ndipo inapashwa tuseme wazi, juu tuna wanachama Beni na tuna wanachama mlimani, na shauri la moja si la mwingine. Beni iko kwenye urefu wa kama meta 1,000 hivi. Butembo inapita 1,700, na Luofu nayo ni mlima. Kila ukipanda meta 1,000, joto linapungua kama digri 6. Pilipili ni mtoto wa joto: mbegu yake inaota vizuri kati ya digri 25 na 30, na chini ya 15 inalala tu. Usiku ukiwa baridi sana, maua yanaanguka. Kwa hiyo ndugu wa Beni, na wale walio chini upande wa tambarare, wachukue ile ya mviringo bila woga. Sisi wa Luofu tuanze na ile ndefu na ile ndogo, na mwenye kutaka ya mviringo ajaribu miche 2 ao 3 karibu na ukuta. Watu wengi waliokimbilia Beni waliona pilipili inazaa huko kama magugu, wakarudi na mbegu yake, wakamwaga katika udongo wa huku, wakangoja. Juma la tatu hakuna kitu, wakasema mbegu imekufa. Mbegu haikufa, ilisikia baridi.

Dawa ya baridi iko jikoni. Jiko letu lina moto tangu asubuhi, na joto lile linapotea bure. Loweka mbegu usiku moja katika maji ya vuguvugu. Zifunge katika kitambaa chenye unyevu, weka ndani ya kopo, na kopo uliweke karibu na mafiga, mahali ambapo ukiacha mkono hausikii baridi wala hausikii kuungua. Mama wa nyumba ndiye anajua mahali pale, hakuna haja ya chombo cha kupimia. Kila siku ufungue, uangalie, unyunyize. Ukiona mzizi mweupe umetoka, kama ncha ya sindano, zipande: sentimita moja chini ya udongo, si zaidi.

Udongo wa miche: changanya udongo mweusi, mchanga kidogo, na mbolea ya zamani ya mbuzi ao ng'ombe, yenye imekwisha kuwa kama udongo na haina harufu. Mwagia maji yanayochemka, acha upoe siku nzima. Maji yale yanaua ugonjwa wenye unaangusha miche, ule wenye shingo ya mche inakuwa nyembamba kama uzi na mche unalala chini asubuhi. Ugonjwa huo unapenda maji mengi. Miche inakufa zaidi kwa kupendwa kuliko kwa kusahauliwa. Mtoto akipewa kazi ya kunywesha atanywesha mara tano kwa siku. Bidon ya zamani ikikatwa katikati na kutobolewa chini inatosha miche 20. Mchana inakaa juani, usiku inaingia ndani na watu. Huku kwetu hesabu miezi 2 mpaka mche uwe na majani 6 hivi na urefu wa kiganja. Beni inatosha majuma 6. Juma la mwisho miche ilale nje, izoee.

Ukitaka kupandikiza mwanzo wa mvua ya mwezi wa 9, mbegu iende kwenye mafiga katikati ya mwezi wa 7. Kwa sezoni B ya mwezi wa 2, anza mwezi wa 12.

Mahali pa kupanda tutakaa kidogo, juu ndipo watu wengi watapoteza kazi yao.

Kwanza, jua. Chagua upande wenye unapata jua la asubuhi mapema, ukungu unapoondoka. Ukuta wa udongo ni rafiki: unashika joto la mchana na kulirudisha usiku. Lakini hapana kupanda chini ya matone ya bati. Tone linarusha udongo kwenye majani, na magonjwa yanapanda nalo. Acha meta moja. Fanya tuta lililoinuka, maji yasisimame.

Pili, na hili msikilize wote, pilipili ni ndugu wa viazi vya kizungu. Ni ndugu wa tomate na wa biringanya tena. Nyumba moja, magonjwa moja. Na sisi Lubero ni watu wa viazi! Kila mtu hapa amekwisha kuona shamba la viazi linanyauka ghafula, majani mabichi yamelegea kama yalikosa maji, hata mvua ikinyesha. Ugonjwa ule unabaki katika udongo miaka mingi, na utaikamata pilipili yako. Basi kama kando ya nyumba palikuwa viazi ao tomate vilivyonyauka namna hiyo, usipande pilipili hapo. Panda mahali palipokuwa maharagi, mahindi, vitunguu ao majani tu.

Namna ya kujua ni rahisi. Kata shina la mmea unaonyauka, karibu na udongo, kipande cha kidole kimoja. Kishike ndani ya gilasi ya maji safi bila kutikisa. Ngoja dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka polepole kutoka kwenye shina, ni ugonjwa ule. Ng'oa mmea wote na mizizi, uchome, na usitupe katika shimo la mbolea. Osha jembe mbele ya kwenda kwa mche mwingine ao kwa jirani. Hakuna dawa ya duka inayoponya hiyo, hata muuzaji akisema nini.

Tatu, chakula cha mmea. Mbolea ya zamani, viganja viwili katika kila shimo. Konzi moja la majivu juu yake, si zaidi. Mbolea mbichi ya kuku usiweke: mmea utakuwa mrefu, majani mazuri ya giza, wageni watasifu, na pilipili hutaona. Maganda ya maharagi yatandazwe chini yashike unyevu. Kiangazi, maji asubuhi kwenye shina, si juu ya majani.

Halafu kuna udongo wenyewe ni wa nani. Hilo haliko katika vitabu vya agronomu, lakini liko katika nyumba zetu. Wengi waliorudi hawako katika parsele zao. Wengine nyumba iliungua, wengine wamekuta mtu ndani, wengine wamepewa chumba na ndugu ao wanalipa. Na desturi ya huku inajulikana: mwenye kukodi analima maharagi, mahindi, vitu vya sezoni moja. Akipanda kitu cha kukaa miaka, kahawa ao miti, mwenye udongo anasikia kwamba anataka kubaki. Sasa ile pilipili ndogo inaishi miaka 3. Umepanda mlangoni kwa mtu, umeiona ni mboga. Yeye anaona mpaka.

Shauri letu ni hili. Mbele ya mche wa kwanza, nenda kwa mwenye udongo, pamoja na mtu moja wa komite na jirani moja. Sema wazi: ni pilipili, ni miche 20, nitaing'oa siku utakayotaka nikikwisha kuchuma iliyoiva, na utapewa kiganja chako kila nikichuma. Tuandike katika daftari, wote watie kidole. Kama hapendi, panda ile ndefu, yenye unaweza kuing'oa nyuma ya mavuno ya mwaka. Ao panda katika ndoo zilizotoboka na mifuko ya simenti iliyojazwa udongo. Ukihama, unahama nayo. Usidharau mfuko wa simenti: pilipili moja ndani ya mfuko inaweza kuzaa sawa na ya chini, kama haikosi maji.

Tusikie tena upande wa pili. Wenye walibaki hapa wakati wote, wakalinda kijiji na kuzika watu, wanaangalia waliorudi wakipewa majembe na mbegu, nao hawapewi. Hatuwezi kulima mlangoni kwa mtu aliye na uchungu. Komite inaleta mbele yenu wazo hili: kwa kila nyumba 4 za waliorudi zenye zitapokea miche, nyumba moja ya wenye hawakuondoka ipokee vilevile, bila kuomba. Mtajadili, lakini msimamo wetu mnaujua.

Juu ya wadudu, kwa ufupi. Vidudu vidogo vya kijani chini ya majani vinanyonya na kuleta ugonjwa wa majani kujikunja na kuwa na madoa ya manjano. Maji yenye sabuni kidogo, chini ya majani, jioni, mara mbili kwa juma. Mmea ukikwisha kujikunja wote, ung'oe mapema, hautapona, utaambukiza wenzake. Dawa za duka zenye tunapiga kwa viazi, hapana kuzipiga leo na kuchuma kesho. Pilipili inaliwa mbichi.

Wenye mashamba yao yako upande wa pori la Virunga waliuliza juu ya tembo. Ni kweli tembo hapendi harufu ya pilipili. Uganda na Kenya kuna wakulima wanaopaka kamba kwa mafuta yaliyochanganywa na pilipili, ao wanachoma mavi ya tembo yaliyochanganywa na pilipili usiku upepo ukiwa mzuri. Inasaidia, haizuii yote, na mvua ikinyesha unapashwa kupaka upya. Miche 20 ya mlangoni haitatosha kazi hiyo.

Kuchuma. Ile ndefu inaanza kama miezi 3 nyuma ya kupandikiza, huku kwetu inaweza kuchelewa. Chuma na kikonyo chake, kwa mkono mkavu, siku kavu. Ukichuma mara kwa mara, mmea unaongeza maua. Ukiacha ziive zote kwa pamoja, unasimama.

Moto wa pilipili unakaa zaidi katika ile nyama nyeupe inayoshika mbegu ndani. Na moto ule hauyeyuki katika maji, unayeyuka katika mafuta. Ndiyo maana ukinawa na maji peke yake, jicho litakuambia. Paka mikono mafuta ya mawese kwanza, sugua, kiisha osha na sabuni. Mama anayenyonyesha asipasue pilipili na kumshika mtoto. Mdomo ukiungua, maziwa yanatuliza kuliko maji.

Kukausha ndiko kunafanya pilipili iwe akiba. Kilo 4 hadi 5 za mbichi zinatoa kilo 1 ya kavu. Lungo ao kitanda cha matete kiwe juu ya udongo kama urefu wa goti, hewa ipite chini. Jioni ingiza ndani mbele ya ukungu kushuka. Usiku moja nje unaharibu siku tatu za jua. Ndefu ukizipasua katikati zinakauka upesi. Imekauka ukiikunja inavunjika na mbegu zinalia ndani. Ikikunjika kama ngozi, bado. Iliyo na weusi ao unga wa ukungu ndani itupwe, usiifiche katikati ya nzuri: ukungu ule unaweza kuleta sumu ya aina moja na ile ya karanga na mahindi mabovu. Na tafadhali, hapana kukausha pembeni ya barabara. Vumbi la magari halitoki.

Ukisaga, usiongeze kitu. Masoko yote ya dunia yanajua unga wa pilipili ulioongezwa unga wa tofali. Chama kikianza kuuza pamoja Butembo, mfuko moja mbovu utarudisha mifuko yote.

Mbegu. Chagua mmea moja ao miwili mizuri kupita yote, wenye afya, wenye ulizaa mapema, uufunge kitambaa chekundu ili mtoto asichume. Matunda yake yaive mpaka mwisho. Toa mbegu, anika kivulini siku kadhaa, si juani kali, weka katika kichupa kikavu na majivu kidogo, andika mwezi. Zitaota miaka 2, hata 3. Ukipanda ile ndogo karibu na ile ndefu, nyuki watazichanganya. Mbegu ya mwaka kesho haitafanana na mama. Atakayepokea miche 20 atarudisha kwa chama mbegu za matunda 5 mazuri. Hakuna deni la makuta.

Hapa tunasema na nyinyi wafadhili wetu, kwa heshima yote. Mmetusaidia mengi na hatusahau. Lakini mbegu za pakiti zenye picha nzuri, nyingi ni zile za F1. Mwaka wa kwanza zinazaa vizuri. Ukichukua mbegu yake kupanda tena, watoto hawafanani na wazazi, na mkulima anabaki anangoja pakiti nyingine. Kwa watu wenye njia yao inafungwa, kungoja pakiti ni hatari. Mukitaka kutusaidia katika kazi hii, tunaomba arozwari, bashi la kufunika wakati wa mvua, na misumari na waya za vitanda vya kukaushia. Vichupa vyenye kufunga vizuri tena. Ni vitu vya makuta kidogo, na vinaweza kununuliwa Butembo. Vikinunuliwa Butembo, makuta yanabaki na watu wetu.

Maulizo yalikuwa mengi, tunaandika matatu.

Baba moja aliuliza kama pilipili inaweza kukaa chini ya migomba. Ile ndogo ndiyo, pembeni, penye jua linaingia nusu ya siku. Katikati ya migomba mizito itatoa majani tu.

Kijana moja alisema alisikia mwanamke akiwa katika siku zake asiingie katika pilipili, itakauka. Tumesikia na sisi. Tulimuuliza nani anapalilia kwao. Akasema mama na dada zake, mwezi mzima. Watu walicheka, na yeye mwenyewe akacheka.

Ulizo la tatu lilitoka kwa mama moja aliyekaa nyuma, na nyumba yote ikanyamaza. Alisema: "Pilipili ikianza kuleta franga, itakuwa ya nani? Juu mboga ni za mwanamke mpaka siku zinauzwa." Wababa wengine walinung'unika. Komite inajibu hivi: katika daftari tutaandika jina la mtu anayenywesha, awe mama, awe baba, awe mtoto mkubwa. Makuta ya mauzo ya pamoja yatapewa mkononi kwa jina lile, na mwenye kutaka ataweka sehemu katika avec yake siku hiyohiyo. Mambo ya ndani ya nyumba hatutaingia. Lakini mkononi kwa nani, hapo tutashika.

Pepinyeri ya pamoja itaanza katikati ya mwezi wa 7, nyuma ya ofisi ya chama. Kila nyumba ije na bidon ya zamani iliyokatwa, ndoo moja ya mbolea ya mbuzi iliyooza sawasawa, na kuni mbili za kuchemsha maji. Mwenye hajaonana na mwenye udongo wake aonane naye mbele ya siku hiyo, kiisha apite kwa katibu aandikwe.